Wimbo wa Mfereji na Jina la Mlangoni

Hapo zamani, lakini si ile zamani ya sungura kumtania fisi, ni hii ya karibu ambayo hata mimi nilikuwa na meno yangu yote, paliondokea mwalimu mmoja kule milimani Upare, jina lake Elinaja. Alifundisha historia katika chuo cha mkoa. Chuo kikampa kazi ambayo wenzake waliikimbia: kuanzisha makavazi, yaani chumba cha kutunzia masimulizi na nyimbo za wazee, ili wakiondoka wasiondoke na kila kitu. Wenzake wakamcheka. "Elinaja anakusanya porojo," walisema. Yeye akabeba kinasa sauti chake, akapanda mlima.

Alikuwa akiuwinda wimbo mmoja, wimbo wa mfereji wa Irindini. Mababu wa kijiji hicho walichimba mfereji kutoka chemchemi hadi mashambani, wakapasua na mwamba, bila baruti wala bwana shamba. Nani alichimba wapi, yote yamo ndani ya wimbo huo, na hayamo kwingine kokote. Uliimbwa watu wakisafisha mfereji. Yalipokuja maji ya bomba, mfereji ukaachwa na wimbo ukaachwa nao. Waliojua wakafa mmoja mmoja. Akabaki Bibi Nakijwa, naye miguu ilikuwa imeanza kuvimba. Akienda huyo, historia ya Irindini imezikwa naye. Hilo ndilo lililomkosesha Elinaja raha.

Basi akamleta bibi chuoni, akamkalisha kwenye kochi, akampa chai ya maziwa, akawasha kinasa sauti. Bibi akafungua kinywa. Kimya. Akajaribu tena. Kimya.

"Mwanangu," akasema, "wimbo huu hauimbwi umekaa. Unaimbwa ukitembea mferejini, majembe yakilia. Nikifika kwenye mwamba nitakumbuka ya mwamba. Nikifika mteremkoni nitakumbuka ya mteremko. Hapa kwenye kochi nakumbuka chai tu."

Elinaja akacheka, kisha kicheko kikakatika. Mfereji wenyewe ulikuwa chini ya tangawizi ya Mzee Senkondo, mdogo wa marehemu mume wa Nakijwa. Bomba lilipokuja, ndiye aliyeufukia pale unapokatiza shamba lake, akapanda. Na tangawizi ilikuwa bado changa, haijafikia kuvunwa.

Elinaja akamwendea, akamweleza yote. Mzee akalizunguka shamba lake, akarudi, akalizunguka tena, akavuta ugoro mpaka ukamwishia. Mwisho akasema, "Mwalimu, nenda. Ukisikia baragumu, njoo na watu wako."

Asubuhi baragumu likalia. Lilikuwa baragumu la msaragambo, la kuita kijiji kizima kazini, na watoto wa Irindini hawakuwahi kulisikia. Watu wakatoka na majembe wakiulizana kuna nini. Wakamkuta Senkondo anang'oa tangawizi yake kwa mikono yake mwenyewe, anaitupa kando. Hakuna aliyeuliza zaidi. Wakaingia kazini, wanachuo nao wakaingia, na mfereji ukaanza kuonekana.

Bibi Nakijwa akatangulia, jembe begani, miguu imesahau kuvimba. Akaimba:

"Chemchemi ilikuwa ya chui, nani alikwenda kumtoa?"

Loo! Wimbo ukatoka! Lakini ulikuwa wimbo wa kuuliza na kujibu: mmoja huuliza, mwitikiaji hutaja jina. Bibi akauliza, safu nzima ikanyamaza. Akauliza tena, wakatazamana. Hawakujua. Elinaja akakitazama kinasa sauti chake. Maswali ameyapata, majina je?

Ndipo sauti ikatoka mwisho kabisa wa safu:

"Kirita, baba wa Mbonea! Alikwenda na mkuki, akarudi na ngozi!"

Watu wakageuka. Alikuwa Bibi Namkunda, mke mwenza wa Nakijwa. Majembe yote yakasimama, maana wake wenza hao walikuwa hawajasemezana tangu mazishi ya mume wao, walipogombania nani akae karibu na jeneza. Waliishi ua mmoja, kila mmoja na jiko lake, na salamu zilipitia kwa wajukuu. Elinaja hakujua kabisa kwamba yupo mwingine mwenye sehemu ya wimbo. Nakijwa hakumtaja, na Namkunda hakujitaja.

Nakijwa hakugeuka. Akainua jembe, akauliza:

"Mwamba ulikataa, nani aliukubalisha?"

"Nashighai, mke wa Kirita! Aliuwashia moto, akaumwagia maji ya baridi, mwamba ukaomba radhi!"

Nakijwa akauliza, Namkunda akajibu. Nakijwa akauliza, Namkunda akajibu. Hivyo hivyo mpaka shamba la mwisho. Vijana waliposikia majina ya koo zao, walilima vifua mbele. "Huyo ni babu yangu!" mmoja akapiga kelele, na kelele hiyo imo kwenye kanda mpaka leo. Elinaja alilia waziwazi wala hakuona haya. Aliionea fahari Irindini kana kwamba ameizaa.

Wimbo ukatunzwa chuoni, na nakala ikarudi kijijini. Wale waliocheka porojo wakaja kuusikiliza, kisha wakamvuta Elinaja pembeni, kila mmoja akimwomba aende na kwao. Mkuu wa chuo akajenga chumba kipya cha makavazi, akasema, "Mwalimu, chumba kiitwe kwa jina la mtu aliyetupa wimbo huu. Chagua wewe. Ila jina moja. Mlango si daftari la mahudhurio."

Habari ikafika Irindini kabla ya Elinaja. Akawakuta watatu wanamngoja.

"Jina ni langu," akasema Nakijwa. "Niliutunza wimbo huu wakati hakuna aliyeuulizia. Nilichekwa kwa ajili yake. Wewe mwenyewe, Mwalimu, ulipiga hodi kwa nani?"

"Alichotunza ni maswali," akasema Namkunda. "Kuuliza hata mtoto anaweza. Majina ya waliochimba yalikuwa kifuani mwangu. Na ningenyamaza angeaibika mbele ya kijiji kizima, na sababu ya kunyamaza nilikuwa nayo. Nikaimeza, nikamwitikia."

"Shemeji zangu," akasema Senkondo, "maswali yalikaa jiko hili, majibu jiko lile, wimbo ukafa njaa katikati ya ua. Nani aliwakutanisha? Nyinyi mlitoa sauti, mimi nilitoa shamba. Mwaka ule sikuwa na tangawizi ya kuuza, kwangu tulikula makande matupu."

"Umefukua ulichofukia mwenyewe!" akasema Nakijwa.

"Na wewe ungenitaja mapema, Mwalimu asingehangaika," akasema Namkunda.

"Na wewe mdomo ulikuwa nao siku zote," akasema Senkondo.

Elinaja akajaribu ujanja. "Wazee wangu, basi kila mmoja anitajie jina la mwenzake."

Nakijwa akamtazama Namkunda. Namkunda akamtazama Senkondo. Senkondo akatazama shamba lake. Kisha wote watatu wakajitaja wenyewe, kwa sauti kubwa kuliko mwanzo. Wakaangua kicheko, Nakijwa na Namkunda wameshikana mabega, lakini hakuna aliyerudi nyuma hata hatua.

Najua kuna mwerevu hapa atakayesema kidole kimoja hakivunji chawa, waandikwe wote. Nimeshasema jina ni moja, usinirudishe nyuma. Bila Nakijwa hakuna wa kuanzisha. Bila Namkunda mababu hawana majina. Bila Senkondo hakuna pa kukanyaga. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kesho yake Elinaja anasimama mbele ya Irindini nzima, na wote watatu wamekaa mstari wa mbele, wamevaa nguo za sikukuu, kila mmoja ana hakika.

Haya, msimwache mtoto wa watu peke yake. Je, atamke jina la nani?