Mkubwa Atangulie

Hapo kale sana, watoto, wanyama walipokuwa bado na nyumba zao, majiko yao na majirani wa kuwasengenya, aliishi Mzee Ngiri, hakimu wa bondeni. Hukumu alizitoa akiwa amepiga magoti, kama mnavyowaona ngiri hata leo, na wanyama waliamini anafanya hivyo kwa kuiheshimu sheria. Mwenyewe alijua ni mazoea ya kula mizizi tu, lakini hakuwakatalia.

Sheria za bondeni hazikuandikwa. Ziliimbwa. Ngiri alifundishwa na bibi yake, jioni, mizizi ikiiva kwenye majivu, na kila alipomkumbuka bibi yule moyo ulimlainika. Ukikosea neno, bibi alikugonga kichwani kwa mwiko, ko!, na wimbo ukaanza upya. Basi Ngiri aliyashika maneno yote bila kuongeza wala kupunguza. Kwake, kuyatunza maneno yale kulikuwa sawa na kumtunza bibi mwenyewe.

Sheria iliyoleta taabu ilikuwa fupi: Mkubwa atangulie.

Mwaka huo wanyama walilima pamoja shamba la kunde. Bi Digidigi naye alilima, mtoto mgongoni. Kunde zilipokomaa, Nyati akasimama mbele ya shamba na wenzake, Kifaru na Twiga, akawakumbusha wanyama sheria. Mkubwa atangulie. Wakaingia, kacha kacha kacha, na walipotoka wakipiga mbweu, wadogo walikuta mashina na maganda matupu. Ikawa hivyo kila asubuhi kunde mpya zilipokomaa.

Bi Digidigi akaenda kwa hakimu. Maziwa yalikuwa yamemkauka, na mtoto wake alikuwa ameanza kulegea shingo. Ngiri alimtazama yule mtoto, kisha akaangalia kando, maana hakuweza kumtazama mara mbili.

"Mwanangu, nakuonea huruma," alisema. "Lakini nikiongeza langu leo, kesho atakuja hakimu mwingine aongeze lake, na sheria itakuwa mdomo wa hakimu tu. Bibi alisema mkubwa atangulie. Sikumsikia akiongeza kwamba penye kunde isiwe hivyo."

Bi Digidigi hakulia wala hakubishana. Ile pua yake ndefu ikacheza kidogo.

"Nakubali, Babu. Ila nami naomba neno kwa neno. Bwana Nyati aape kwamba ataifuata sheria hiyo popote, si shambani tu."

Nyati akaitwa, akaapa kwa pembe za baba yake, huku akicheka. Nani hukataa kuapa kwamba atatangulia kula?

Jioni hiyo Bi Digidigi akapita nyumba kwa nyumba akipiga hodi. Kwenye kila mlango aliacha habari ile ile: ng'ambo ya mto, kwenye mahame walikoishi mababu, kunde zimejiotea zenyewe na kutanda hadi kilimani. Lo, habari hiyo ilivyowashika! Hakuna aliyevuka mto ule tangu wazee walipohama, lakini kila nyumba ilikuwa na hadithi za Ng'ambo, kwamba huko kivuli kilikuwa kizito, asali haikuwa na mwenyewe, na majirani walikuwa hawafungi milango. Ngiri alizaliwa huko. Aliposikia, aliweka chini mzizi aliokuwa akiutafuna, na hamu ya chakula ikamwisha.

Asubuhi wote walikuwa ukingoni. Mvua za milimani zilikuwa zimeujaza mto, ukapita vuuu, rangi ya udongo, ukibeba magogo. Baadhi ya magogo yalikuwa na macho.

Bi Digidigi akajipanga nyuma kabisa, kwa adabu zake zote.

"Bwana Nyati, tunakungoja. Mkubwa atangulie."

Nyati akachovya ukwato, akautoa. Akasema ingefaa wadogo wajaribu kwanza, maana ni wepesi. Hakuna aliyesogea. Akasema mkubwa hasa ni Kifaru. Kifaru akajitetea kwamba yeye ni mnene tu. Twiga, kabla hajatajwa, akawahi kusema kwamba urefu si ukubwa. Mnaujua ule msemo wa mkuki na nguruwe? Siumalizii, maana Ngiri alikuwapo pale na nguruwe ni jamaa yake.

"Sheria hii ni ya shambani," Nyati akafoka, "si ya mtoni!"

Ngiri alikuwa amefungua mdomo amjibu, harufu ya tope ikampanda puani, akaikumbuka siku ya kuhama. Alijiona mdogo, ameuma mkia wa bibi, maji yakimfika masikioni. Mbele yao alikuwa Nyati mzee, babu yake huyu, kifua kikiyapasua maji, akipapasa chini kwa miguu na kuwaambia walio nyuma: hapa shimo, piteni huku. Na bibi, ili watoto wasiogope, alikuwa akiimba. Mkubwa atangulie, mkubwa atangulie.

Machozi yakamtoka mzee wa watu. Miaka yote aliushika wimbo, akausahau mto.

"Bwana Nyati," alisema, "sheria hii ilizaliwa hapa tuliposimama. Babu yako alitangulia ili mamba amkute yeye kwanza. Iliwekwa mdogo avuke, haikuwekwa mkubwa ashibe."

"Basi tuifute."

"Haifutwi, na sitagusa hata neno moja. Kesho utatangulia shambani kama ulivyozoea. Utaangalia kama kuna nyoka, utaangalia kama kuna chui, kisha utasimama pembeni ulinde mpaka mdogo wa mwisho atosheke. Ndipo ule."

"Ama tuvuke?" Bi Digidigi akauliza taratibu.

Nyati akayatazama yale magogo yenye macho. Akasema shambani panamtosha.

Kesho yake Nyati alitangulia, pu, pu, pu, nyoka akakimbia, naye akasimama pembeni, tumbo likinguruma. Wadogo wakachuma. Baada ya siku chache mtoto wa Bi Digidigi akawa ananyonya hadi analala kwenye titi.

Ngiri akaja kuketi karibu nao. Akauliza kama kweli kule ng'ambo kuna kunde.

"Sijui, Babu. Sijawahi kuvuka."

"Na maana ya sheria uliijuaje?"

"Sikuijua. Nilijua tu kwamba bibi aliyekuchomea mizizi hawezi kuimba wimbo wa kuwanyima watoto. Nikataka umwone Nyati akiikimbia sheria yake mwenyewe."

Ngiri akacheka hadi pembe zake za mdomoni zikatikisika. Kisha akageuka kuelekea mtoni. Siku hiyo angetoa chochote agongwe tena kichwani na ule mwiko.

Ndiyo maana nawaambia, watoto: anayeshika maneno ya sheria bila kuuliza yaliwekwa ili kumlinda nani, ameshika ganda, na kunde wamekula wengine.