Maji ya Kanga Yanapotelea Wapi?

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa maji, pakawa kiu!

— Mwaga, tunywe!

Hapo kale wanyama walikuwa na mfereji mmoja. Maji yalitoka chemchemini, yakapita penye baraza la wazee, yakashuka hadi mwisho, kwenye shamba la uwele la Mama Kanga. Mwaka huo maji yakaacha kufika. Uwele ukaanza kunyauka, na vifaranga wa Kanga hawakuwa na chakula kingine.

Kanga akaenda kulalamika. Wazee wakaitana. Na mila yao mnaijua? Mzee haketi barazani mpaka agaagae kwanza topeni. Ndiyo heshima!

Tembo akasema, "Mfereji mwembamba! Upanuliwe!" Wakachimba, wakachimba, wakachimba. Maji hayakufika.

Wakaitana tena, wakagaagaa, wakaketi. Nyati akasema, "Hauna kina! Uchimbwe chini!" Wakachimba, wakachimba, wakachimba. Wapi!

Wakaitana tena, wakagaagaa, wakaketi. Ngiri akasema, "Mlinzi mvivu! Afukuzwe!" Nungunungu wa watu, mlinzi wa mfereji, akafukuzwa bure. Mimi hapo hasira hunipanda kila nikisimulia. Vifaranga wakalala njaa.

Kulipokucha, Kanga akasimama katikati ya baraza. "Shikamooni, wazee wangu. Tatizo ni nini?"

"Mfereji upanuliwe tena!" akafoka Tembo.

"Hiyo ni dawa, mzee. Mimi nauliza ugonjwa. Maji yanapotelea wapi? Tangu lini?"

Hakuna aliyejua.

"Basi leo hakuna kuchimba. Twendeni tukaone."

Wakaenda. Chemchemini, maji tele. Bondeni, kabla ya kufika barazani, maji tele. Waliporudi barazani, wakaona ukingo umebomolewa, na maji yote yanaingia dimbwini mwa kugaagaa.

"Zamani mlikutana mwezi ukiandama tu, na maji nikayapata," akasema Kanga. "Tangu mwaka huu uanze mnakutana kila asubuhi. Wazee wangu, maji mnayonitafutia ndiyo mnayooga!"

Tembo akautazama mwili wake uliojaa tope. Haya ikamshika. Akauziba ukingo kwa miguu yake mwenyewe, na Nungunungu akaitwa arudi kazini. Jioni ile uwele ukanywa, na wazee wakajifunza kuketi wakavu.

Kikulacho ki nguoni mwako, jamani. Kabla hujashika jembe, uliza kwanza panapouma, na tangu lini.

Ngano yangu imefika mwisho wa mfereji. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni. Na asiyeielewa aniulize mimi, asiitishe kikao!