Hondohondo na Mbiu ya Kisima

Paukwa!

Pakawa!

Leo nawasimulia habari za waliochoka.

Simulia, nasi tumechoka, tutasikia!

Hapo zamani za kale, bondeni palikuwa na mfalme Simba na mpiga mbiu wake, ndege Hondohondo. Kila amri ya Simba ilitoka kinywani mwa Hondohondo. Ujira wake ulikuwa kuyu, matunda ya mkuyu wa ikulu.

Mkewe alikuwa amejifungia ndani ya shimo la mti, kama ilivyo desturi ya hondohondo. Mlango umezibwa kwa udongo, umebaki ufa wa kupitisha mdomo tu. Humo alilea makinda. Baba asipoleta chakula, hawali.

Mwaka ule jua likawaka sana, maji yakabaki katika kisima kimoja tu bondeni. Simba akamwita.

"Tangaza. Kisima ni cha watu wa ikulu tu."

Hondohondo akatangaza. Akapewa kuyu, akaruka nyumbani.

"Umechoka, baba watoto?" mkewe akauliza kupitia ufa.

"Nimechoka."

"Leo umetangaza nini?"

"Kula kwanza."

Siku ya pili Simba akamwita tena.

"Tangaza. Atakayenung'unika atafukuzwa bondeni."

Akatangaza. Ngiri akamcheka. "Haya, tarumbeta la bwana mkubwa! Wewe kiu huijui?"

"Ndugu yangu, mimi natumwa tu."

"Hata fimbo hutumwa, shemeji. Mgongo unauma vilevile."

Akapewa kuyu, akaruka nyumbani. Mkewe akauliza, naye akajibu, "Kula kwanza."

Siku ya tatu wanyama wakaja kisimani, wakaketi. Hawakupigana, hawakutukana. Wameketi tu, watoto wao ndimi nje. Simba akaingiwa na hofu.

"Tangaza kisima kimekauka, waondoke."

"Mfalme wangu, nimeyanywa maji yake asubuhi."

"Nimekuuliza?"

Hondohondo akapanda mtini, mbawa nzito kama mawe. Akamkumbuka marehemu baba yake, mpiga mbiu kama yeye, aliyekuwa akimwambia, "Mbiu ikidanganya mara moja, siku ya moto hakuna atakayekimbia." Akaukumbuka pia ule ufa, na midomo midogo iliyo nyuma yake. Akavuta pumzi.

"Kisima kina maji! Nimeyanywa leo!"

Kisha akashuka, akaketi na wenzake. Ngiri akamsogelea.

"Kaa huku, shemeji, kuna kivuli kidogo. Ila utakiona cha mtema kuni."

"Najua."

Siku hiyohiyo akafukuzwa kazi. Akafika nyumbani mdomo mtupu. Makinda walikuwa wanalia. Safari hii mkewe alipouliza, akamweleza yote.

"Ungeweza kutangaza tu," mkewe akasema.

"Ningeweza."

"Nami ningekula, nisijue."

Mara ngo! ngo! ngo! Udongo ukaanza kumeguka kutoka ndani.

"Mama watoto, wafanya nini? Muda haujafika!"

"Sogea, usiangukiwe. Wewe utatafuta huku, mimi kule."

Akatoka, manyoya hayajakomaa, miguu imekufa ganzi. Wakatafuta. Kuna siku walipata, kuna siku walikosa.

Simba akamtuma Kasuku atangaze kwamba kisima kimekauka. Akatangaza mpaka sauti ikakwama. Hakuna aliyeinuka. Watumishi wa ikulu nao wakaanza kuja mmoja mmoja, wakaketi. Simba alipobaki hana wa kumtuma, akakifungua kisima.

Hondohondo hakurudishiwa kazi. Akapanga foleni nyuma ya Ngiri, akanywa kama wengine, akaenda kutafuta chakula.

Basi, ndugu zangu, posho ya bwana hulipa jasho la mtumishi, hailipi ukweli wake. Na anayekataa kusema uwongo haumii peke yake, kwa hiyo wa nyumbani kwake asiwafiche.

Ngano yangu inatua hapa. Mwenye nguvu aibebe, mimi napumzika.