Kiboko Aliyetuletea Kanisa la Methodisti

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni. Wewe Abio, acha kumvuta mwenzako nywele. Niwape ya kale? Haya, pokeeni!

Hapo kale, kale hasa, mto Tana ulipokuwa bado unajichagulia njia, alifika kijijini kwetu mhubiri wa Kimethodisti, Ezekieli Mwavita. Alikuja kwa mtumbwi, amevaa koti jeusi zito, na jua lote lile! Akaenda moja kwa moja kwa mkuu wa kijiji, Mzee Hiribae.

"Mzee, naomba kiwanja cha kujenga kanisa."

"Hakuna."

Kesho yake akarudi. "Mzee, naomba kiwanja."

"Hakuna."

Akarudi tena. "Mzee..."

"Hakuna! Na hizo nyimbo zenu zinanichafua tumbo."

Mhubiri akafunga virago. Asubuhi ya kuondoka, mto ukafura. Maji yakaingia kijijini bila hodi. Watu mbio! Kuku mbio! Wote wakapanda kichuguu kikubwa kama nyumba, kilichokuwa kwenye shamba la Hiribae. Wakabanana, hata Hiribae akajikuta amekumbatiana na mhubiri, pua kwa pua.

Mara akatokea kiboko. Dume, wajukuu, na hasira zake! Akakipiga kichuguu kwa kichwa. Gubu! Udongo ukamegeka. Hawayu, mkewe Hiribae, nusura mtoto amponyoke mgongoni.

Kwa hofu, mhubiri akaanza kuimba. Sauti gani ile! Kama bawaba kavu. Kiboko akalaza masikio, akarudi nyuma.

Watu wakashangilia, wimbo ukakatika. Kiboko akarudi. Gubu!

"Imba, wewe!" Hiribae akafoka.

"Koo limekauka, mzee. Nisaidieni!"

"Mimi? Wimbo wenu siujui!"

"Baba Jilo, imba!" Hawayu akamlilia mumewe. "Mtoto anakwenda na maji huyu!"

Hiribae akaimba. Aliimba vibaya mpaka mhubiri akatamani kujitupa mtoni. Kiboko akaenda mbali zaidi. Basi wakaimba wote. Wakiimba, anakwenda. Wakinyamaza, anakuja. Wakiimba, anakwenda. Wakinyamaza, anakuja. Mchana kutwa! Mhubiri akimaliza wimbo mmoja, anawafundisha mwingine.

Kufika alasiri, jirani mmoja, Maro, akaanza kuuweza wimbo. Sauti ikatoka laini, tamu. Kiboko akasogea kusikiliza!

"Maro, unaimba vizuri!" Hawayu akapiga kelele. "Haribu! Haribu upesi!"

Maro akaharibu. Wakapona.

Maji yalipopungua, kiboko akajiendea zake. Hiribae, sauti imekwisha, akaonyesha ardhi kwa kidole.

"Hapa," akanong'ona.

"Hapa nini, mzee?"

"Jenga."

Mhubiri akatokwa na machozi. "Mzee, umeokoka?"

"Hilo sijui. Lakini nyimbo zenu zote nimeshazijua. Sasa nizipeleke wapi?"

Ndivyo kanisa letu lilivyoanza, la udongo na makuti, na Hiribae akaketi mbele kila Jumapili hadi uzeeni.

Basi wajukuu, mtu akikuomba nafasi, mpe. Usingoje mafuriko ndiyo yakubananishe naye.

Kisa changu kimefika ng'ambo, kimefunga mtumbwi. Anayetaka kushuka, ashuke.