Mlinzi wa Kisima na Kibuyu cha Nyemo

Mtu mmoja alikuwa na kisima. Aliitwa Chilongani, na nchi aliyokaa ilikuwa kavu, nchi ya miiba na vumbi. Kisima alikichimba mwenyewe kwa sururu, akakijengea ukuta wa mawe, kisha akawaambia majirani zake wote waje wachote. Hakuomba kitu. Aliweka sharti moja tu, kwamba chombo kichafu kisiingie kisimani. Nani atabishana na sharti kama hilo? Kisima ni kimoja na watu ni wengi. Ingiza chombo chenye uchafu leo, kesho kijiji kizima kinashika tumbo.

Wala halikuwa sharti gumu, wazee wangu. Mteremkoni, chini ya kisima, palikuwa na lambo. Maji yake hayakuwa ya kunywa, lakini kuoshea yalifaa. Mtu akitoka kwake alipita lamboni kwanza, akasugua chombo chake kwa mchanga na majivu, akakisuuza, ndipo akapanda kisimani kuchota. Hata watoto waliijua njia hiyo.

Ikatokea Chilongani akapata safari ya mbali, akamkabidhi kisima mtu wake aliyeitwa Lameki. Akampa kata ya kuchotea, akamkumbusha sharti lile, akaondoka.

Lameki alikuwa mwaminifu. Hilo nataka mlisikie vizuri, maana tunapenda sana kumfanya mtu wa namna hii kuwa mwovu, kisha tunapumua na kusema, afadhali, si mimi. Hakuwa mwovu! Alifika pale kabla ya watu wote na kuondoka baada ya watu wote. Hakusinzia. Hakupendelea ndugu. Kila chombo kilicholetwa alikitia kidole, akakizungusha ndani, akakinusa. Kikiwa safi, pita uchote. Kikiwa kichafu, rudi lamboni. Ningekuwa na kisima, mimi mwenyewe ningemwajiri.

Kisha mvua zikagoma. Lambo likapungua, likawa tope, likakauka, ardhi yake ikapasuka. Je, Lameki hakuona? Aliona, maana lilikuwa mbele ya macho yake pale alipoketi. Lakini sharti alilopewa halikutaja lambo. Lilitaja chombo kichafu. Kwa hiyo akaendelea kutia kidole, akaendelea kunusa, akaendelea kusema, "Kaoshe kwanza, ndipo uje." Kaoshe wapi, jamani? Hakuna aliyemwuliza, kwa sababu walikwisha kumwogopa.

Walijaribu kusugua kwa majivu makavu. Kidole cha Lameki kiligundua. Waliobahatika kuwa na vyombo safi wakaanza kuwachotea wenzao kwa siri. Lameki alipopata habari akatangaza kwamba anayemchotea mwenye chombo kichafu, chombo chake nacho kimechafuka. Basi jirani akaacha kumwangalia jirani usoni. Na vile vyombo safi navyo, kwa kutumika bila kuoshwa, vikachafuka kimoja baada ya kingine. Mwisho watu wakaacha kupanda. Wakashuka lamboni na majembe, wakachimbua tope, wakalikamua kwa kitambaa, wakanywa kilichotoka.

Lameki akaketi peke yake akakitazama kisima, na moyo wake ukafurahi. Akajisemea kwamba kisima hakijawahi kuwa safi namna ile tangu kichimbwe. Na ni kweli, hakikuwahi!

Katika kijiji hicho alikaa mwanamke aliyeitwa Nyemo, mjane wa binamu yake Lameki. Alikuwa na mtoto mmoja wa kike, Sechelela, ambaye hata kutembea hajaanza sawasawa. Mtoto alikunywa yale maji ya tope, tumbo likamwendesha, likamwendesha mpaka macho yakaingia ndani. Alilia bila machozi. Ninyi mliolea mnaelewa ninasema nini. Mtoto anayelia bila machozi yuko njiani kuondoka.

Nyemo akamfunga mgongoni, akachukua kibuyu chake, akapanda kisimani jua likiwa utosini. Lameki alimwona mtoto. Moyo ulimshtuka, sitamsingizia. Lakini alinyoosha mkono akachukua kibuyu, akatia kidole, na kidole kikatoka na tope.

"Hapana, shemeji," akasema kwa upole. "Pole sana, lakini kaoshe kwanza."

Nyemo hakulia, hakupiga kelele. Kando ya kigoda cha Lameki palikuwa na mtungi wa Lameki mwenyewe, umesuguliwa mpaka unang'aa, umejaa maji. Nyemo akautazama mtungi ule, akamtazama mwenyewe.

"Shemeji," akasema, "huo wa kwako uliuosha kwa maji gani?"

Lameki akageuka akautazama mtungi wake. Kwa maji gani tena? Kila asubuhi, kabla mtu yeyote hajafika, alichota kata moja kisimani, akausuuza mtungi wake, akayamwaga yale machafu nyuma ya ukuta. Alifanya hivyo kila siku na hakuwahi kuliwaza jambo hilo. Ilikuwa kazi ya asubuhi tu, kama kunawa uso. Mtungi wake ulikuwa safi kwa sababu kisima kiliusafisha, naye aliketi kando yake akiwauliza watu kwa nini wao ni wachafu!

Akasimama. Akatia kata kisimani akaitoa imejaa, na hapo akasita, kwa maana maji yale ni ya kunywa, ni amana, na yeye ndiye mlinzi, anawezaje kuyamwaga chini? Mtoto akatoa sauti ndogo mgongoni. Lameki akavuka ukuta, akamimina maji ndani ya kibuyu cha Nyemo, akatia changarawe, akakitikisa kwa nguvu zake zote. Tope likatoka. Akamimina tena, akatikisa tena. Akapiga magoti vumbini, yeye mlinzi wa kisima, akasugua kibuyu cha mjane mpaka maji yalipotoka jinsi yalivyoingia. Ndipo akamwambia, chota.

Sechelela alinyweshwa kidogo kidogo, kwa kiganja. Akatapika. Akanyweshwa tena, yakakaa.

Lameki hakuweza kutulia tena! Alipanda juu ya ukuta akaita kijiji kwa sauti iliyopasuka. Njooni na vyombo vyenu, njooni navyo vilivyo! Kwanza hawakumwamini, walidhani ni mtego. Kisha mmoja akapanda, kisha wengine, kisha ikawa mbio, vibuyu, mitungi, ndoo, sufuria, na Lameki katikati, amelowa mpaka kiunoni, anamimina, anasugua, anacheka kama mtu aliyefunguliwa kamba. Wenye nguvu wakashika vyombo vya wazee wakawasaidia kusugua. Jirani akamwangalia jirani usoni. Na angalieni, sharti halikuvunjwa! Hakuna chombo kichafu hata kimoja kilichoingia kisimani siku ile. Maji ndiyo yaliyotoka nje kuvifuata vyombo.

Jua lilipoanza kushuka, Nyemo akahisi mgongo wake umelowa. Sechelela alikuwa amekojoa. Mama yule akapiga vigelegele mpaka walioko bondeni wakasikia. Mkitaka kucheka, chekeni, lakini mtu aliyewahi kuuguza mtoto wa kuharisha anajua mkojo ule ni habari njema ya namna gani. Mtoto anarudi! Wanawake wakavipokea vile vigelegele, na Lameki akaketi chini kwenye tope akalia machozi.

Kesho yake Chilongani akarudi kutoka safarini. Alikuta ardhi kuzunguka kisima imelowa, imekanyagwa na miguu isiyohesabika, na maji yameshuka kuliko alivyoyaacha. Lameki akamwendea, akainama, akasema, "Mzee, nimemwaga maji yako chini." Akamweleza yote, kuanzia kukauka kwa lambo mpaka kibuyu cha Nyemo. Hakuficha neno.

Chilongani aliinama akachota, akanywa. Akaitazama ardhi iliyolowa, na uso wake ukachanua. Habari ya maji yaliyomwagika hakuuliza. Ila alipokwisha kunywa, furaha ile ikapungua kidogo usoni pake, akageuka akalitazama lile lambo lililopasuka, lenye mashimo ya majembe ya watu.

"Lameki," akasema, "tangu siku lambo lilipokauka mpaka jana, watu wangu walikuwa wakinywa nini?"

Lameki naye akageuka, akayatazama mashimo yale.

Wazee wangu, leo mnawekewa mikono muwe wazee wa kanisa, nami nimefurahi pamoja nanyi tangu asubuhi, sauti yangu imekwisha kwa kuimba. Lakini Mwenye kisima yuko njiani. Atakapotuuliza habari za wote tuliowaambia waende kwanza wakajisafishe ndipo waje, tutamjibu nini?