Ngoma ya Bibi Keziya

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kinyonge? Ugali mmeula au mmeutazama tu? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Zamani hizo, mto ulipokuwa bado na hasira za ujana, palikuwa na kijiji bondeni, na kanisa la nyasi, na ngoma moja. Ngoma hiyo iliwaita watu ibadani. Ngoma hiyohiyo iliwaita shambani. Mpigaji wake alikuwa Bibi Keziya, mzee mwenye mgongo uliopinda na ulimi ulionyooka.

Mwaka huo mto ukafurika. Vuuu! Ukazoa mahindi yote. Ukamzoa na Eliaza, mwana pekee wa Bibi Keziya, mume wa Damari.

Wakamwopoa, wakamzika. Kisha kijiji kizima kikajifungia ndani. Mvua ilibakiza wiki mbili tu. Asiyepanda sasa atakula nini? Lakini nani apande, na ngoma imenyamaza?

Siku ya nane Bibi Keziya akaitoa ngoma. Akaipiga. Pwa. Akaipiga tena. Pwa. Ngozi ilikuwa imelowa.

Damari akatoka mbio, macho mekundu kwa kulia.

"Mama! Arobaini bado, mfiwa hapigi ngoma! Watu watasema umefurahi."

"Waache waseme. Niletee kuni."

Damari alizileta, akazibwaga chini, puu! Alikuwa na hasira kwelikweli. Bibi Keziya akawasha moto, akaisogeza ngoma.

"Utaiunguza, mama!"

"Siiunguzi, mwanangu. Ngozi iliyolowa haisemi mpaka ionje moto."

"Na wewe una furaha gani ya kupigia ngoma? Eliaza yumo udongoni!"

Bibi Keziya akalia. Alilia waziwazi, huku mikono ikiendelea kuigeuza ngoma.

"Kifo nakichukia, Damari. Lakini Bwana Yesu naye alilia penye kaburi la rafiki yake. Siku saba amelia nami. Leo ananiambia, Keziya, shika jembe. Yeye ndiye furaha yangu, na mto haukuweza kumzoa."

Akaipiga. Ndi! Ndi! Ndi!

Mlango mmoja ukafunguka. Ndi! Wa pili. Ndi! Wa tatu. Watu wakaja kanisani, wakaimba kwa sauti zilizokauka, wakatoka hapo moja kwa moja hadi shambani. Bibi Keziya akafukia mbegu ya kwanza. Damari akafukia ya pili. Kila asubuhi ndi, ndi, ndi, mpaka bonde lote likapandwa, na mvua za mwisho zikayakuta mahindi yamechipua. Mwaka ule hakuna aliyelala na njaa.

Miaka ikapita. Bibi Keziya akafa. Watu wakakaa matangani, ngoma iko pembeni imelowa, hakuna anayethubutu kuigusa. Ilikuwa masika, na mbegu zilikuwa zinangoja.

Damari akainuka, machozi yakimtiririka. Akaenda kutafuta kuni.

Nanyi mnaonisikiliza, imani haiwakatazi kulia. Inawakataza kubaki mmelala chini. Hadithi yangu imekomea hapo. Ngoma ya Bibi Keziya ingali inalia.