Swala ya Maiti kwa Mtu Aliye Hai

Imesimuliwa, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa Marwi, nchi ya Khurasani, walikuwako majirani wawili waliopendana kwa ajili ya Mola wao. Mmoja aliitwa Haitham bin Wadhah, imamu wa msikiti wa mtaa, mtu wa Qur'ani na funga nyingi. Wa pili aliitwa Shuraih, fundi wa matandiko ya ngamia, hodari wa kazi na mwenye maneno machache. Mwaka mmoja walinuia Hija pamoja, wakawaaga watu wao, wakatoka.

Nianze na utamu, maana sisi wasimulizi tuna tabia mbaya: tukitaja safari tunakimbilia wanyang'anyi na kiu, kana kwamba nje ya milango yetu hakuna ila balaa. Wale wawili walifurahi mno. Walivuka mito ambayo walikuwa wakiisikia kwa majina tu, wakala tende mbichi mtini, wakakaa katika darsa za Madina mpaka miguu ikafa ganzi. Haitham alikuwa akisema kwamba hakujua umma wa Mtume wake, rehema na amani zimshukie, ni mpana kiasi kile mpaka siku alipoombwa chumvi na mtu asiyejua lugha yake hata neno moja, wakala sahani moja wakicheka. Arafa walisimama bega kwa bega, wakalia, na kila mmoja akawataja watu wake. Shuraih alimtaja mkewe, Lubaba.

Katika kurudi ndipo mambo yalipogeuka. Walipofika kijiji kilicho ukingoni mwa jangwa la chumvi, Shuraih alishikwa na homa kali, akawa hawezi kukaa juu ya ngamia hata kwa kufungwa kamba. Kiongozi wa msafara alikitazama kisima cha kijiji, akaona maji yamekwenda chini, akasema, "Kesho tunaondoka. Anayetaka kubaki abaki, lakini asinilaumu. Msafara mwingine wa Marwi si leo wala kesho."

Haitham angeweza kubaki. Hilo alilijua wakati ule, na alilijua baadaye. Lakini alikuwa ameshaanza kuota harufu ya mkate wa mama yake, na aliye karibu na nyumbani ana haraka kuliko aliye mbali. Akamkabidhi mwenzake kwa mzee mmoja na mkewe waliokuwa wakitunza nyumba ya wasafiri, akainama sikioni pake akasema, "Usiondoke hapa, ndugu yangu. Nikifika nitachukua machela na watu, nirudi kukuchukua mimi mwenyewe."

Shuraih akajibu, "Sitaondoka. Msalimie Lubaba, mwambie nilimtaja Arafa."

Basi Haitham akaenda, akimvuta ngamia wa mwenzake nyuma ya wake. Waliobaki katika msafara walikuwa wa miji ya mbele, wakaupita mji wa Marwi bila kuingia.

Ilikuwa ada ya watu wa Marwi kuwatokea mahujaji nje ya lango, ili wawaombee dua kabla hawajaingia majumbani mwao, maana waliamini kwamba dua ya haji aliye bado njiani hairudi mikono mitupu. Siku ile walitoka wengi. Wakamwona Haitham, wakamwona ngamia wa Shuraih, wakaona tandiko halina mtu. Kabla hajafungua kinywa, mwanamke mmoja akapiga yowe, na wanaume wakasema, "Inna lillahi wa inna ilaihi raji'un." Mtu mzima mmoja akamkumbatia, akamwambia kwa machozi, "Mungu akulipe kheri kwa kumsitiri ndugu yetu."

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema. Neno lenyewe lilikuwa fupi: hajafa, nimemwacha. Lakini lile la pili lilimkwama Haitham kooni. Imamu, haji mpya, mbele ya mtaa mzima, aseme amemwacha mwenzake mgonjwa kwa watu asiowajua? Akasema moyoni, nitawaeleza wakitulia. Akainamisha kichwa. Wao wakadhani ni huzuni.

Hawakutulia. Walipanga safu palepale mchangani waswali swala ya ghaibu, ile swala ya maiti inayoswaliwa marehemu akiwa mbali, na wakamsukuma mbele awaongoze. Haitham akainua mikono akapiga takbira ya kwanza juu ya mtu aliyejua kwamba pengine saa ile anaomba maji. Akapiga ya pili, na ya tatu, na ya nne. Alipotoa salamu, Shuraih alikuwa maiti kwa watu wote wa Marwi, na Lubaba alikuwa mjane.

Siku ya pili Lubaba alimwita. Alikuwa ameshakaa eda, akazungumza naye akiwa nyuma ya pazia. "Ya Haitham, maneno yake ya mwisho kwako yalikuwa nini?"

"Alisema nikusalimie. Alisema alikutaja Arafa."

Akamsikia akilia. Tazameni alivyofika pale, ndugu zangu: hakusema neno hata moja la uongo. Kila alichokisema kilikuwa kweli, na kila kweli ilimzika mtu.

Tangu hapo hakupata raha. Angemrudia vipi Shuraih na machela? Anayekwenda kumchukua mgonjwa huulizwa ni mgonjwa gani. Angemtuma nani, na amwambie nini? Ile ahadi aliyoitoa sikioni mwa mwenzake ilifungwa na ukimya wake mwenyewe, na kila siku iliyopita iliongeza fundo. Ingekuwa jambo la jana, angelisema kwa aibu ya siku moja. Lilipokuwa la mwezi uliopita, lilidai maelezo ambayo hakuwa nayo.

Kila kengele ya msafara ilipolia langoni, jasho lilimtoka. Akaogopa kusikia kwamba Shuraih amefika, akaogopa vilevile kusikia kwamba amekufa akimngoja. Akawa anasahau aya katikati ya swala, aya alizozihifadhi tangu utotoni, na maamuma wakawa wanamkumbusha kwa upole, wakisema msiba wa rafiki yake umemwingia sana. Wakazidi kumpenda kwa hilo. Mama yake peke yake hakudanganyika. Alimwekea mkate mbele, akamtazama anavyoumega bila kuula, akasema, "Mwanangu, umerudi lakini hujafika."

"Ni uchovu wa njia, mama."

"Njia gani hiyo isiyokwisha?" akamuuliza. Haitham akanawa mikono, akatoka.

Eda ya Lubaba ikaisha. Akaja kumposa mfuma mazulia mmoja, mtu mwema aliyefiwa na mkewe, na ami yake Lubaba ambaye ndiye aliyekuwa walii wake akaridhia, naye mwenyewe baada ya kusitasita akakubali. Wakapanga ndoa ifungwe msikitini baada ya swala ya alasiri. Na kwa kumheshimu marehemu, wakamwomba Haitham awe shahidi.

Usingizi ukamtoka kabisa. Akajiambia kwamba ile homa haikuwa ya kupona. Akajiambia kwamba kijiji kile hakina tabibu. Katika sijida moja ya swala ya adhuhuri, siku ileile ya ndoa, alijikuta anatamani Shuraih awe amekufa kweli, ili lile jambo litulie. Akainua kichwa akijiogopa. Mtu aliyelia naye Arafa, leo anamwombea mauti akiwa amesujudu mbele ya Mola wake. Akajua kwamba akinyamaza tena siku ile, hatabaki na kitu cha kukiita imani.

Baada ya alasiri watu walikaa, Kadhi wa mji akiwa mbele, wanawake nyuma ya pazia lao. Kadhi akasema, "Haitham bin Wadhah, sogea ushuhudie."

Haitham akasimama. "Siwezi kuishuhudia ndoa hii, ewe Kadhi. Sijui kama mwanamke huyu ni mjane."

Watu wakaguna. Kadhi akanyoosha mkono wakanyamaza. "Si wewe uliyetuswalisha juu ya mumewe?"

"Ni mimi."

"Ulimwona akifa?"

"Sikumwona. Nilimwacha ana homa, anapumua, anazungumza."

"Nani basi aliyetuambia kwamba amefariki?"

"Hakuna aliyewaambia. Mlilia mlipoona tandiko tupu, nami nikanyamaza. Niliona haya kusema nimemwacha. Kisha mkanisukuma mbele, nikapiga takbira."

Ami yake Lubaba akamwendea kwa ngumi, wakamshika. Mfuma mazulia akainuka taratibu, akakung'uta nguo yake ya arusi, akasema, "Namshukuru Mungu aliyeniepusha na mke wa mtu," akaenda zake nyumbani. Wapo waliolia, na wapo waliomtazama imamu wao kama mtu aliyeokotwa njiani.

Lubaba akaomba ruhusa ya kusema, Kadhi akampa. Sauti yake haikupanda. "Ya Haitham, miezi yote hii, nani aliyekuwa akimpa maji?"

"Mzee mmoja na mkewe. Kama bado wapo."

"Na yeye alikuwa akimtazamia nani?"

Haitham akasema, "Mimi."

"Basi nenda," akasema Lubaba. "Ukimkuta hai, mlete. Ukimkuta amekufa, muulize aliyemwosha na aliyemswalia, uje uniambie. Mimi nililia msiba uliouleta wewe. Wangu sijui bado kama ninao."

Kadhi akamvua uimamu palepale, akamwamrisha aende. Alfajiri iliyofuata Haitham alitoka na machela juu ya ngamia, na msafara wa watu wa chumvi.

Sitawaelezea sana njia ile, maana yeye mwenyewe hakuiona. Penye kaburi kando ya barabara aliuliza ni la nani. Penye mtu anayetoka upande wa jangwa alimsimamisha, kisha akaogopa kumuuliza, akamwachia apite. Alikuwa anataka kufika na hataki kufika. Ile njia waliyopita wakienda Hija na furaha zao, sasa kila jiwe lake lilimuuliza mwenzio yuko wapi.

Alipoingia ua wa nyumba ya wasafiri, alimkuta mtu amekaa chini ukutani, amekonda, mguu mmoja ameunyoosha, anashona tandiko la ngamia wa mgeni. Mtu yule akainua uso.

"Umechelewa, ndugu yangu," akasema Shuraih.

Haitham akaanguka mbele yake. Shuraih akadhani ni furaha, akaendelea kwa ule upole wake. "Homa iliniacha, ikauacha mguu huu. Misafara imepita mingi ya miji ya jirani, na watu wake wakinikaribisha nipande. Nikawaambia ipo ahadi, kuna mtu aliniambia nisiondoke. Nikahofu tukipishana njiani utakuja hapa unikose, uhangaike."

Hapo ndipo Haitham alipoona kwamba kusema msikitini kulikuwa kwepesi. Akamweleza yote, lango, tandiko, takbira nne, pazia, ndoa. Hakuacha hata ile dua mbaya ya sijida. Shuraih alisikiliza sindano ikiwa mkononi. Haitham alipomaliza, yeye akamuuliza jambo moja tu.

"Ameolewa?"

"Hajaolewa."

Shuraih akafunika uso kwa viganja akalia mpaka mwanamke mwenye nyumba akatoka kutazama. Kisha akapangusa uso, akalimalizia tandiko la watu kwa sababu alikuwa ameliahidi kwa siku ile, akasema, "Nimeumia, Haitham. Sitakuficha. Lakini ungenyamaza tena ningeumia bila dawa. Nipe bega tuondoke."

Wakarudi Marwi pamoja, mmoja juu ya ngamia na mmoja akimvuta. Walipofika mtoni nje ya mji, Shuraih akasema, "Tangulia wewe. Tumefundishwa mtu asiwaingilie ahali zake ghafla, na mke wangu amekwisha kuniomboleza. Kampe habari."

Haitham akaenda, na ile hofu ya zamani ikaenda naye, maana alijua atakavyoonekana akiingia mtaani peke yake mara ya pili. Watu wakamwona, wakaanza kunong'ona, mmoja akashika kichwa. Akapita. Akabisha mlango wa Lubaba.

"Nani?"

"Haitham."

Mlango haukufunguka. Akasikia pumzi yake upande wa pili wa mbao. Lubaba akasema, "Uliponyamaza nilikuelewa, nikakaa eda. Leo sikuelewi mpaka useme."

"Shuraih yu hai," akasema Haitham, kwa sauti ambayo majirani waliisikia. "Yuko mtoni nje ya mji, mguu wake mmoja haujapona. Nilimwacha, nikamrudia. Amenituma nikuombe idhini aingie nyumbani kwake."

Komeo likavutwa. Lubaba akampita bila kumsalimu, amevaa viatu visivyofanana, akashika njia ya lango.

Ndugu zangu, Haitham hakurudia uimamu, ijapokuwa walimwomba baada ya miaka. Tunahubiri kila Ijumaa dhambi za ulimi, na ni haki zihubiriwe. Lakini kunyamaza nako kuna dhambi zake, na mara nyingi huja zimevaa kilemba. Mola wetu atujaalie tuseme kweli wakati bado yuko mtu wa kumfaa.